Waraka Uliokutwa na Habari Njiani

Barua ni nusu ya kuonana, wasema wazee. Lakini nyaraka nyingi zinazotunzwa kwa kuwa zinataja mwisho wa vita hazituonyeshi hata robo ya mwandishi wake. Habari imekwisha kufika, kengele zimekwisha kupigwa, na mtu ameketi kuandika yale yampasayo mtu kuandika siku kama hiyo: shukrani, machozi, matumaini ya kurudi kwao. Si uwongo, bali ni furaha iliyokwisha kuvishwa nguo. Kwa hiyo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu waraka mmoja ambao haukupata nafasi ya kujipamba.

Uliandikwa kwa mkono tarehe 11 Novemba, 1918, karibu na Verdun katika Ufaransa. Mwandishi ni Kapteni Harry Truman, mkulima wa Missouri mwenye umri wa miaka 34, aliyekuwa mkuu wa Kikosi D cha mizinga katika Rejimenti ya 129. Aliyeandikiwa ni mchumba wake, Bess Wallace. Bess aliutunza pamoja na nyaraka nyingine nyingi za mtu huyo, zaidi ya elfu moja. Naye alipokwisha kufa, mwaka 1982, nyingi zilipigwa chapa mwaka 1983 katika kitabu kilichotengenezwa na Robert H. Ferrell.

Thamani ya waraka ni hii, kwamba ulipoanzwa vita vilikuwa havijaisha. Mwandishi ajiuliza Wajerumani watajibu nini juu ya masharti ya Jemadari Foch. Ahesabu kwamba muda waliopewa umebaki nusu saa. Asimulia jinsi mizinga mikubwa ng'ambo ya barabara inavyopiga kana kwamba yataka kumaliza makombora yake yote kabla ya wakati, hata nyumba yake yatikisika kama kwa tetemeko la nchi. Mara, katika waraka ule ule, aletewa habari rasmi kwamba vita vitakoma saa tano. Hakuanza upya. Hakurudi nyuma kulainisha aliyokwisha kuyasema. Aongeza tu kwamba kila mtu yu karibu kupagawa, na kwamba yeye mwenyewe asubuhi ile aliwahi kuwapiga makombora 164.

Katika desturi yetu ya nyaraka salamu hutangulia, kisha huja "ama baada ya salamu", na habari hufuata kwa mpango wake. Waraka huu wauvunja mpango, wala si kwa ufundi, bali kwa kuwa habari ilimkuta mwandishi kalamu mkononi. Si wote waliokutwa mapema hivyo. Mizinga ya Verdun iliponyamaza, jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa bado safarini katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Habari ilimfikia tarehe 13, na silaha ziliwekwa chini huko Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25.

Hatusemi kwamba ni waraka mwema. Kabla habari haijafika, mwandishi asikitika kwamba hawawezi kuingia Ujerumani na kuiharibu, kukata mikono na miguu ya watoto wachache, na kuchuna ngozi za vichwa vya wazee. Halafu aona kwamba labda yafaa zaidi wafanyishwe kazi miaka hamsini kwa ajili ya Ufaransa na Ubelgiji. Msomaji hushtuka, na ni haki yake. Mwalimu anayeunakili kwa ajili ya wanafunzi atashawishika kulipita fungu hilo, abakize mizinga na furaha. Twaona atakosea sana. Fungu lile halikuzuka katika moyo wa mtu mmoja. Tangu mwaka 1914 magazeti ya maadui wa Ujerumani yalieneza hadithi za watoto wa Ubelgiji waliokatwa mikono na askari. Raia wengi waliuawa huko kweli, lakini hadithi ya mikono haikuthibitishwa. (Wasomaji wetu wa Kongo watakumbuka kwamba mikono ilikatwa kweli kweli katika nchi yao siku za mpira, chini ya mfalme wa Wabelgiji hao hao.) Anayelifuta fungu afuta ushahidi wa jinsi maneno ya magazeti yanavyopenya hata kuingia katika barua ya mchumba.

Tena lugha yenyewe yataka uangalifu. Watoto wale awaita kwa neno ambalo leo Kiingereza chalitumia kwa Waholanzi, na mfasiri asiyejua atawatia katika laana majirani ambao hawakuwamo vitani. Lakini Wamarekani wa siku zile waliwaita hivyo Wajerumani pia, na neno hilo ni ndugu ya jina wanalojiita wenyewe, kama lilivyo neno letu la mwambao, Wadachi. Basi tafsiri tunayo tayari. Kigumu ni sauti, maana sentensi yaelea kati ya mzaha na tishio. Tukiandika "laiti tungewakata", twampa hamu nzito kuliko aliyoionyesha. Twapendelea "ni hasara hatuwezi kuwakata", kwa kuwa huhifadhi wepesi wa kauli, na wepesi huo ndio utishao.

Mtu huyu alipata kuandika mara ya pili. Tarehe 8 Mei, 1945, akiwa Rais wa Marekani kwa muda usiotimia mwezi, aliwaandikia mama yake na dada yake Mary kwamba ametimiza miaka 61, kwamba saa tatu atawatangazia watu kushindwa kwa Wajerumani, na kwamba hiyo ni zawadi kubwa ya siku ya kuzaliwa. Hamna humo mikono ya watoto. Wako watakaosema moyo wake ulikwisha kutulia, sisi hatuthubutu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, chini ya amri yake, mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki; na mwaka 1948 alitia sahihi sheria ya kuisaidia Ulaya, hata sehemu ya magharibi ya Ujerumani. Waraka wa pili ni nadhifu kwa kuwa mwandishi aliijua habari tangu jana yake. Kwa uandishi, ule wa kwanza waushinda mbali.

Atakayezisomesha zote mbili na aanze na ule wa 1945, kisha awape wanafunzi ule wa 1918 mzima, bila kuwaambia neno, awaulize ni katika mstari gani habari ilifika.