Anatupa au Anatuuzia? Uhakiki wa Lugha ya Zawadi katika Podikasti za Kiswahili

Swali la darasani

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi. Katika somo letu la kusikiliza na kuzungumza hapa Juba, huwa tunatumia podikasti za Kiswahili zinazotayarishwa Nairobi na Dar es Salaam. Sababu yake ni rahisi. Redio za mjini hapa hutumia zaidi Kiingereza na Kiarabu cha Juba, na mwanafunzi anayejifunza Kiswahili anahitaji kukisikia kikizungumzwa na watu wanaotaniana, wanaobishana na kukatizana maneno kwa lugha hiyo.

Siku hiyo tulikuwa tukisikiliza mjadala kuhusu mahari. Wageni wawili walikuwa wakishindana kama mahari ni zawadi kwa wazazi wa binti au ni bei ya binti. Mjadala ulipofika pale pazuri, mwenye kipindi aliukata. Akatangaza kwamba kuna simu tano za kugawiwa wasikilizaji, akataja kampuni iliyozitoa, akaeleza uzuri wa simu hizo, kisha akaorodhesha mambo ambayo msikilizaji anapaswa kufanya ili aingie kwenye droo. Maelezo hayo yalichukua muda mrefu kuliko hoja ya mgeni aliyekatizwa. Kijana mmoja, aliyesoma shule ya msingi katika kambi ya Kakuma, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyu anatupa au anatuuzia?"

Darasa zima lilicheka, maana swali lilikuwa na meno. Neno "anatupa" lina sura moja na maana mbili. Tukilichambua kama a-na-tu-pa, mzizi ni -pa, na sisi ndio tunaopewa. Tukilichambua kama a-na-tupa, mzizi ni -tupa, na kuna kitu kinachorushwa, kama mvuvi anavyotupa ndoano. Hata kwa sikio maneno hayo hayatofautiani, kwani mkazo huangukia silabi ileile. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali hilo, na kwa maoni yangu linastahili kujibiwa na walimu wa lugha kabla halijajibiwa na watu wa biashara.

Zawadi za wasikilizaji zilikotoka

Kumpa msikilizaji zawadi si jambo lililoanza na podikasti. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kadi za salamu za Kenya na Tanzania. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza majina ya ndugu na marafiki, akaipeleka kituoni, kisha akakaa karibu na redio akisubiri isomwe. Katika mpango ule msikilizaji ndiye aliyelipa, na alilipa kwa hiari yake. Alichopata ni jina lake kusikika nchi nzima. Hakuna aliyejidai kumfanyia hisani.

Zilikuwapo pia idhaa za mbali. Radio China Kimataifa ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963. Idhaa za namna hiyo ziliwatumia wasikilizaji kalenda, stika na ratiba za vipindi. Radio China Kimataifa iliendesha mashindano ya chemsha bongo kuhusu China, na mshindi wa juu aliweza kualikwa kuitembelea nchi hiyo. Majibu ya maswali yalipatikana kwa kusikiliza makala za redio hiyohiyo. Bila shaka hilo lilikuwa tangazo, tena tangazo la nchi nzima. Lakini msikilizaji hakufichwa kitu, kwa sababu jina la mtoaji lilikuwa ndani ya jina la redio yenyewe.

Huko Marekani, katika miaka ya 1930, kampuni za sabuni zilidhamini michezo ya kuigiza ya redio. Mchezo wa Ma Perkins, ulioanza mwaka 1933, ulidhaminiwa na sabuni ya Oxydol ya Procter & Gamble. Ilikuwa desturi ya vipindi vya aina hiyo kuwaahidi wasikilizaji kijizawadi iwapo wangetuma kipande cha boksi la bidhaa. Vipande hivyo vilifanya kazi mbili. Vilithibitisha kwamba bidhaa imenunuliwa, na vilimwonyesha mdhamini kuwa kuna watu wanaosikiliza.

Hapa ndipo tunapopata jambo la kudumu. Zawadi ya redio imekuwa, tangu zamani, njia ya kuhesabu masikio. Kilichobadilika ni kwamba katika podikasti mtu anayesoma tangazo ndiye yuleyule tunayemwona kuwa rafiki. Sauti yake iko ndani ya sikio letu, na hakuna kengele wala muziki wa kutuambia kwamba mazungumzo yamekwisha na biashara imeanza.

Maneno matatu ya kuangaliwa

Hebu sasa tuitazame lugha yenyewe. Neno la kwanza ni "jishindie". Kimofolojia ni kitenzi chenye kirejeshi -ji-, mzizi -shind-, kiambishi cha kutendea -i- na kiishio -e. Maana yake ni "shinda kwa faida yako mwenyewe". Lakini katika Kiswahili, anayeshinda humshinda mtu au jambo fulani, na huwa ametumia nguvu, akili au subira. Katika droo hakuna anayeshindana na yeyote. Jina huokotwa tu. Kwa hiyo kitenzi hiki huivisha bahati nguo za juhudi, na humfanya msikilizaji aliyekosa ajione mvivu badala ya kujiona mtu ambaye bahati haikumwangukia.

Fungu la pili ni "kwa hisani ya". Hisani ni wema unaotendwa bila kudai malipo, na wahenga walisema kwamba hisani haiozi. Kampuni inayotoa simu tano ili jina lake litajwe mara ishirini haijatenda hisani. Imenunua nafasi. Hakuna ubaya wa kununua nafasi, lakini jina lake si hisani. Hata neno "mdhamini", ambalo tumelizoea, lina uzito tunaousahau. Mdhamini ni mtu anayesimama kuwa dhamana, kwamba jambo likiharibika yeye atawajibika. Ni mara ngapi mdhamini wa kipindi huwajibika zawadi isipofika?

Neno la tatu ni "familia". Watayarishaji wengi sasa huwaita wasikilizaji wao familia, na aghalabu neno hilo husikika muda mfupi kabla ya ombi. Katika desturi zetu ndugu hapewi masharti kabla ya kupewa kitu. Neno "zawadi" lenyewe huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya masurufu ya safari, na matumizi yake ya zamani ni kile kitu ambacho msafiri huwaletea watu wa nyumbani. Aliyerudi kutoka safari hawaambii watoto: "Kwanza waiteni majirani watatu, ndipo nifungue mfuko."

Zawadi inapogeuka

Ni wakati gani, basi, zawadi huanza kusikika kama tangazo? Ninaona dalili tatu. Ya kwanza ni muda. Maelezo ya zawadi yakiwa marefu kuliko mazungumzo yaliyomleta msikilizaji, kipindi kimehama. Ya pili ni vitenzi. Ukihesabu vitenzi vya amri katika tangazo, kama vile fuata, bonyeza, sambaza, wataje rafiki zako, ukaona kwamba mtoaji ana kitenzi kimoja tu na mpokeaji ana vitano, basi kazi inafanywa na anayeitwa mpokeaji. Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni pale sauti ya msikilizaji mwenyewe inapochukuliwa kuisifu bidhaa.

Dalili hii ya tatu ilitukuta sisi. Mwanafunzi wetu mmoja alishiriki droo ya kipindi ambacho sitakitaja. Alitumia bando lake, akawasihi binamu zake walioko Kenya wakifuate kipindi, na jina lake likatoka. Kabla ya kupewa chochote aliombwa arekodi maneno ya shukrani na aeleze jinsi anavyoipenda bidhaa iliyotolewa. Hakuwahi kuitumia. Lakini alikuwa amejifunza Kiswahili kwa mwaka mmoja na nusu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kutakiwa na mtu wa mbali. Tulimsaidia kupanga sentensi. Tulimsahihishia upatanisho wa kisarufi. Sauti yake ilirushwa, na darasa likapiga makofi.

Baadaye akaarifiwa kwamba zawadi hutumwa kwa wenye namba za Kenya pekee, na namba yake inaanza na +211. Hapa kwetu watu hutumiana fedha kwa huduma kama m-Gurush, na namba ya Juba haikuwa katika hesabu za wapangaji wa droo ile. Zawadi ikaenda kwa mwingine. Sauti haikuondolewa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sehemu ya lawama naichukua mwenyewe. Nilisahihisha sarufi ya sentensi zile bila kuuliza kama zilikuwa za kweli. Mwalimu wa lugha anayefundisha kusema vizuri, asifundishe pia kupima kinachosemwa, amefundisha nusu.

Utetezi wa watayarishaji

Haki inanitaka niseme upande wa pili. Podikasti ya Kiswahili haiendeshwi kwa upepo. Kuna vipaza sauti, kuna mhariri, kuna intaneti, na watayarishaji wengi ni vijana wanaojitafutia riziki bila ruzuku ya serikali wala shirika. Tunaposikiliza bila kulipa, ni lazima mtu mwingine alipe. Vilevile, vipindi hivi vimetupatia sisi walimu hazina ya Kiswahili hai ambayo vitabu vya kiada havinayo. Sitaki kuwa mla nyama anayemtukana mchinjaji.

Wala biashara yenye nyongeza si dhambi. Nenda soko la Konyo Konyo ununue nyanya. Mama muuzaji atakupimia fungu lako, kisha ataongeza moja juu. Ile nyanya ya ziada ni ya kukuvuta urudi kesho, na wewe unajua, na yeye anajua kwamba unajua. Nyongeza ile haijifichi. Inatolewa baada ya bei kujulikana, na hakuna anayekutaka usimame katikati ya soko umsifu muuzaji. Ninachokilalamikia katika podikasti ni jina linalofunika jambo. Biashara yenyewe sina ugomvi nayo.

Funzo la takrima

Afrika Mashariki imewahi kulipima suala la aina hii mahakamani. Mwaka 2000 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili kuruhusu wagombea kutoa takrima kwa wapiga kura. Takrima ni neno zuri, lenye maana ya kumkirimu mgeni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walifungua kesi, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba vilimpa mgombea tajiri nafasi ambayo maskini hana, na kwamba vilifungua mlango wa rushwa. Tunachojifunza sisi watu wa lugha ni kwamba neno zuri halibadilishi tendo. Ukarimu unaofanywa wakati wa kuomba kura ni ombi la kura.

Podikasti haiombi kura, na simu tano si rushwa. Lakini kanuni inafanana, na mataifa mengine yameiandika. Marekani ilitaka tangu mwaka 1927 kwamba kituo cha utangazaji kilicholipwa ili kitangaze jambo kiseme kimelipwa na nani. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilifafanua kwamba hata wanaoandika kwenye intaneti wanapaswa kueleza uhusiano wao na kampuni wanazozisifu.

Hitimisho

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema pia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kipindi chema kina haki ya kutafuta fedha, lakini kitafute kwa Kiswahili kisichojificha. Napendekeza walimu wenzangu wajaribu zoezi tulilolifanya hapa. Wanafunzi waandike tangazo la zawadi neno kwa neno, wapigie mstari kila kitenzi, waonyeshe mtendaji wake, kisha waliandike upya bila "jishindie", bila "hisani" na bila "familia". Zoezi hili hufundisha mofolojia, semantiki na uadilifu kwa saa moja.

Darasa letu liliandika hivi: "Wasikilizaji, sasa ni muda wa tangazo. Kampuni hii imetulipa ili tuitaje. Imetoa simu tano, nasi tutachagua majina matano kwa bahati. Wanaoweza kupokea ni wenye namba za Kenya tu. Ukipata, huna deni la kumsifu mtu. Tukimaliza hapa tutarudi kwa mgeni wetu, aliyekuwa akisema kuhusu mahari."

Aliyesoma maneno hayo mbele ya darasa ni yule mwanafunzi aliyekosa simu. Safari hii upatanisho wa kisarufi haukuhitaji kusahihishwa. Wasomaji wenye mifano mingine ya lugha ya zawadi, kutoka redioni, sokoni au kwenye simu zao, wanaombwa waitume kwa wahariri ili tuendelee kuijadili katika matoleo yajayo.