Timazi Chini ya Lori

Lori limeinuliwa juu ya magogo manne, magurudumu yametolewa, na fundi amelala chini yake akining'iniza timazi, ile ile ya mwashi. Kamba inashuka kutoka kwenye chesisi, chuma kinatulia, kijana anaweka alama ya chaki sakafuni. Wamefanya hivyo asubuhi nzima, na hakuna bolti hata moja iliyokazwa.

Hii ni gereji ya jua kali mjini Kitale. Ekseli inayosubiri kando kufungwa chini ya lori hilo ni ya lori la kijeshi, jamii ya Bedford RL iliyoanza kutengenezwa Uingereza 1953, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Uzito wa mzigo hubebwa na ganda la ekseli ya nyuma, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Mtu anayeteremsha mahindi kutoka miteremko ya Mlima Elgon wakati wa mvua anajua thamani ya chuma cha namna hiyo. Kule Bungoma wanajua vilevile, maana trela ya miwa inayoelekea kiwanda cha Nzoia haisamehe ekseli dhaifu.

Lakini chuma kizito kilichokaa upande hakimfai mtu. Ndiyo maana ya chaki. Fundi anapima kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana hata unene wa kidole, lori litatembea kama kaa na kumaliza tairi.

Kisha wanapima uwiano wa meno ya difu bila kuifungua. Gurudumu moja linazuiwa, lingine linazungushwa mara mbili kamili, na kijana anahesabu mizunguko pale shafti ya propela inapoingia. Ekseli ya mbele na ya nyuma zisipolingana zitavutana kila lori likiunganisha magurudumu yote, mpaka kitu kivunjike.

Kilichonishika zaidi ni springi. Majani yake yalikuwa yamelala bapa kwa miaka ya mzigo. Fundi aliyafungua, akachora upinde kwa chaki sakafuni, akaanza kugonga jani moja moja, kuanzia katikati kwenda ncha. Nyundo, kipimo, nyundo. Kila baada ya mapigo machache alilaza jani juu ya mchoro na kutazama mwanga unaopita kati yake na mstari. Kijana, mkononi ana bomba la gesi, akashindwa kuvumilia.

“Mzee, si tulipashe moto kidogo lilainike?”

“Likilainika halitarudi, mwanangu.”

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Springi ni chuma kilichopikwa kiwandani kikafundishwa kurudi mahali pake. Ukikipiga moto ovyo unakisahaulisha. Kazi ya jani moja ilichukua karibu saa nzima.

Viti vya springi alivishika kwanza kwa nukta mbili za weldingi, akapima mwinamo wa difu kwa pimamaji, akavunja nukta moja, akarudia. Kiti kikiinama vibaya propela hutetemeka, na viungo vyake havidumu. Nyuma aliweka shako inayoyumba, kwa sababu springi ikilazwa na mzigo hurefuka na lazima ipate pa kwenda.

Jioni ekseli ilipanda kwa jeki, na vichwa vya senta bolti vikaingia kwenye matundu yake bila kusukumwa na mtu. Fundi alipitisha kidole pale palipoungana, akanyamaza, akaomba spana.

Yu-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, alizikaza kwa zamu, kona hadi kona. Shokapu zilifungwa haraka, mwisho kabisa. Hata hivyo majani hulala tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na yu-bolti hulegea. Kama lori lako limefungwa ekseli mwezi huu, lirudishe kwa fundi zikazwe upya kabla ya safari ya pili.