Tamko la Bologna na Uhuru wa Chuo Kikuu

Maandishi mengi ya serikali hutiwa sahihi kwa shangwe, kisha husahauliwa. Tamko lililotiwa sahihi Bologna, Italia, tarehe 19 Juni 1999 na mawaziri wa elimu wa nchi 29 za Ulaya si la namna hiyo. Ni kurasa chache tu. Si mkataba wala sheria, na halikumlazimisha mtu yeyote. Hata hivyo, katika muda wa miaka kumi na moja lilibadili mpango wa masomo ya vyuo vikuu karibu kote barani humo, na mwezi wa Machi 2010 mawaziri walikutana Budapest na Vienna kutangaza kwamba Eneo la Elimu ya Juu la Ulaya limekwisha kuundwa. Maandishi yenye nguvu kiasi hiki yanastahili kusomwa kama tufundishwavyo kusoma maandiko mengine: nani asema, amwambia nani, na neno lipi limewekwa kulitumikia neno lipi.

Asemaye ni waziri. Ataka shahada za nchi mbalimbali zifahamike na kulinganishwa. Masomo yagawanywe katika hatua mbili. Kazi ya mwanafunzi ihesabiwe kwa krediti. Walimu na wanafunzi wavuke mipaka bila vikwazo. Haya ni mema, wala si mapya. Katika zama za kati, aliyehitimu Bologna au Paris alihesabiwa kuwa na haki ya kufundisha popote katika dunia ya Kikristo. Nasi wa Afrika Mashariki, tuliokuwa na chuo kikuu kimoja tangu 1963 hadi 1970 kisha tukakigawa, hatuna sababu ya kuyabeza.

Kasoro iko mahali pengine. Mwaka 1988, katika mji huo huo, wakuu wa vyuo vikuu walikusanyika kuadhimisha miaka 900 ya Chuo Kikuu cha Bologna, wakatia sahihi hati yao iitwayo Magna Charta. Walikiri humo kwamba utafiti na mafundisho ya chuo kikuu hayana budi kuwa huru mbele ya mamlaka yote ya kisiasa na nguvu zote za kiuchumi. Mawaziri wa 1999 waitaja hati hiyo kwa heshima. Lakini angalia waliyoyafanya. Katika Tamko lao, uhuru wa vyuo wasifiwa kwa kuwa unaviwezesha kujirekebisha daima kufuatana na mahitaji yanayobadilika, matakwa ya jamii na maendeleo ya sayansi. Neno ni lile lile, bali limehamishwa kutoka kwenye msingi likawekwa miongoni mwa vyombo vya kazi. Msomaji mwenye haraka hataona tofauti. Tofauti ilionekana Hungaria.

Hungaria ilikuwa mojawapo ya nchi 29 zilizotia sahihi. Mwezi wa Aprili 2017 bunge lake lilipitisha sheria kuhusu vyuo vikuu vinavyotoa shahada za nchi za nje. Ilidai, pamoja na mengine, kuwe na mapatano baina ya serikali ya Hungaria na serikali ya nchi kilikotoka chuo. Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, kilichokuwa Budapest na kutoa shahada za Kimarekani, hakikupata mapatano hayo, na mwaka 2019 kikaanza kuhamishia mafundisho yake Vienna. Tarehe 6 Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria ile ilivunja sheria za Umoja. Chuo kilikuwa kimekwisha kuondoka. Hivyo ushirikiano wa serikali, ambao Bologna ilitarajia ufungue milango, hapa uligeuzwa kuwa komeo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mawaziri waliokutana chini ya uenyeji wa Roma waliambatisha kwenye taarifa yao maelezo ya maana ya uhuru wa kitaaluma. Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita.

Je, Tamko halipingiki? Wanatheolojia wa Ujerumani wameonyesha kwamba lapingika. Walisema kwamba masomo ya mtu anayeandaliwa kwa uchungaji, pamoja na Kiebrania, Kiyunani na Kilatini, hayakatwi katikati na kupewa cheti cha nusu njia. Nusu mchungaji ni kitu gani? Baada ya mashauri na makanisa, mawaziri wa elimu wa majimbo waliamua tarehe 13 Desemba 2007 kwamba masomo hayo yabaki mamoja, ya miaka mitano na krediti 300. Wanatheolojia walikubali kuhesabiwa, wakakataa kugawanywa. Naona waliamua vizuri, ingawa haifai kusahau kwamba walikuwa na silaha: mikataba ya siku nyingi baina ya majimbo na makanisa.

Hayo hayako mbali nasi. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Dar es Salaam kwamba eneo letu ni moja kwa elimu ya juu. Matayarisho yalifanywa na Baraza la Vyuo Vikuu la Jumuiya, lenye makao Kampala, likisaidiwa tangu 2006 na wataalamu wa Ujerumani, yaani watu walioijua njia ya Bologna. Kwamba shahada ya Makumira isomeke Kigali bila maswali ni faida kubwa. Lakini nchini Tanzania krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Saa alizokaa usharikani, akimtazama mgonjwa na kumzika marehemu pamoja na mchungaji wake, zaandikwa safu gani? Na nani amekwisha kulipeleka swali hili Kampala? Hati ya Maelewano ya mwaka 1992 kati ya serikali ya Tanzania na makanisa ilihusu huduma za afya na elimu kwa wananchi. Kumtegemea mwandishi wake atujibie juu ya malezi ya wachungaji ni kumtwisha mzigo asioupokea. Jibu litaandikwa na walimu wa vyuo vya theolojia, na kwa lugha ambayo waziri asiyejua theolojia ataielewa.