Kusifu Kiunzi Kilichofichika

Katika vyombo vyote vipitavyo juu ya maji, chombo cha faiba ndicho chenye uwezo mkubwa zaidi wa kumhadaa mwenyewe, kwa sababu gamba lake la nje, likioshwa na kupakwa rangi, huweza kung'aa miaka thelathini mfululizo, ilhali chini ya sakafu, mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki, mihimili inayolitegemeza imekwisha kugeuka tope jeusi. Watu husema faiba haiozi, na kauli hiyo ni kweli kwa nusu yake. Nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini haziozi, lakini bamba lake likiwa jembamba hunepa likipigwa na wimbi, na kwa hiyo waundaji wengi wa boti ndogo za miaka ya 1960 na 1970 walilitia nguvu kwa mihimili ya mbao iliyolazwa kutoka omo hadi tezi, wakasimamisha viambaza vya kuikata boti kwa upana, wakapachika ubao mnene wa tezi ili ubebe injini, kisha wakaifunika mbao yote hiyo kwa faiba na kuifungia sakafu juu yake. Walidhani wameihifadhi, kumbe kila tundu la skurubu lililotobolewa baadaye na mtu mwenye haraka lilikuwa njia ya maji, na maji yakiisha kuingia katika mbao iliyofunikwa namna hiyo hayana pa kutokea. Kazi ya kuifungua sakafu, kung'oa mihimili iliyooza na kuweka mipya mahali palepale, ndiyo ninayokusudia kuisifu hapa, kwa kuwa naiona ina daraja ya juu kuliko inavyodhaniwa.

Nayaandika haya Kilolo, wilaya iliyotengwa na Iringa Vijijini mwaka 2002, huku kwenye milima ya Udzungwa ambako ukungu wa asubuhi ni jambo la kawaida na bahari ni habari ya wasafiri. Muungwana wa Lamu au wa Mafia ana haki ya kustaajabu akisikia kwamba boti inatengenezwa uani kwa mtu katika nchi kama hii. Lakini mvua inyeshayo hapa hushuka kwa mto Lukosi, ikaingia Ruaha Mkuu, ikamiminika Rufiji na kufika baharini mkabala wa kisiwa hicho hicho cha Mafia. Na kaskazini yetu liko bwawa la Mtera, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya umeme, likawa pia riziki ya wavuvi. Boti iliyolala uani kwangu ilizeekea kazini huko. Tena, na hili ndilo kubwa, mbao ziko kwetu: misindano na mikaratusi imepandwa kilima kwa kilima, na msitu wa Sao Hill, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya Serikali, uko Mufindi kwa jirani zetu.

Fundi hodari haanzi kwa kukata, bali kwa kusikiliza. Hushika nyundo ndogo akagonga sakafu na ubao wa tezi shubiri kwa shubiri. Penye uzima hupata mlio mkavu unaorudi upesi, na penye uozo hupata mlio mfu usiorudi. Kisha hutoboa kitundu chembamba kwa drili na kuutazama unga unaotoka, kama ni mweupe na mkavu au kama ni mweusi wenye kunata vidoleni. Akikwisha kujua ukubwa wa maradhi, bado hashiki grainda mpaka ameilaza boti juu ya matandiko yaliyochongwa kufuata tumbo lake, kwa maana gamba lililonyang'anywa mihimili hulegea, na kama limepinda hata kidogo siku ya kuwekwa mihimili mipya litabaki limepinda umri wake wote. Huvuta uzi kutoka omo hadi tezi, hupima usawa kwa mpira wa maji kama wafanyavyo waashi, na wala haing'oi mihimili yote kwa pamoja: huondoa mmoja, akaweka badala yake, ndipo akaugeukia wa pili. Mikono mirefu, miwani na barakoa yenye kichujio si anasa katika saa hizo. Vumbi linaloruka ni kioo, na pafu halisamehe.

Watu wa pwani watasema kwamba kazi hii ni ngeni, kwamba haina nasaba na gudi zao ambamo mkuku na mataruma huonekana wazi kwa kila apitaye. Nadhani wanakosea, na ushahidi wangu ni mtepe. Chombo hicho kilichoshonwa kwa kamba za usumba, ambacho mababa wa aina yake tunawasikia katika Periplus, kitabu cha Myunani mmoja wa karne ya kwanza aliyetaja mashua za kushonwa za Rhapta, kiliundwa kwa kutanguliza mbao za ubavuni, zikashonwa moja kwa nyingine mpaka umbo likatimia, ndipo mataruma yakaingizwa ndani na kufungwa. Boti ya faiba huzaliwa kwa utaratibu huo huo: gamba hutandazwa kwanza ndani ya kalibu, kiunzi kikafuata. Kwa hiyo anayepima na kuchonga mhimili mpya ili ulifuate gamba lililokwisha kuwapo anafanya tendo ambalo fundi wa Pate wa zama zile angelitambua mara moja, na taabu yake ni ile ile: umbo halimtii yeye, yeye ndiye wa kulitii umbo. Huchukua boksi la karatasi ngumu, akalikata, akalijaribu, akalipunguza tena, mpaka kati yake na gamba usipite mwanga. Ndipo huuhamisha mstari huo kwenye ubao.

Ubao wenyewe una masharti. Msindano utokao kwenye mashine ya kupasulia huwa umejaa maji, na kuufunika ukiwa mbichi ni kuuzika uozo pamoja nao. Hupangwa kivulini kwa vitenganishi ili upepo upite, na fundi huweka kando kipande kifupi ambacho hukipima kwenye mizani ya dukani wiki kwa wiki hadi uzito wake ukome kupungua. Mvuvi wa maji matamu anahitaji uangalifu huu kuliko ndugu yake wa baharini, kwa kuwa chumvi huzuia kuvu kwa kiasi, bali maji ya mvua huilisha.

Baada ya hapo huja resini, na hapa baridi ya Kilolo hujifanya hasimu. Poliesta huchanganywa na hadina asilimia 1 hadi 2, lakini asubuhi ya Juni hubaki majimaji saa nyingi, na asiye na subira huongeza hadina kupita kiasi, ikachemka, ikapasuka. Epoksi haikubali hila hiyo hata kidogo: kipimo chake hakibadilishwi. Hata hivyo naipendelea, ingawa bei yake ni kali, kwa sababu hushikamana na faiba kuukuu kwa nguvu ambayo poliesta haina. Mwenye busara hufanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, hulaza mhimili juu ya epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wa mbao, huviringisha pembe kwa kijiko kwa kuwa kitambaa cha kioo hakipendi kona kali, kisha hupandisha vipande vya kitambaa, kila kimoja kipana kuliko kilichotangulia, ili uzito ugawanyike juu ya gamba badala ya kulikata kwa mstari mmoja.

Hakuna atakayeuona uzuri wa viungo hivyo, na hiyo ndiyo hadhi ya kazi hii: fundi anayelainisha pembe itakayofunikwa kesho anaitunza amana ya mtu atakayeipanda boti bila kumjua. Katika miaka hii Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi wa pwani na wa maziwa boti za faiba, na zile zenye mbao ndani zitahitaji mikono ya namna hii siku moja. Kwa ajili ya mikono hiyo nashauri sakafu mpya ikatwe matundu mawili ya duara yenye vifuniko vya kuzungusha, moja karibu na omo na jingine karibu na tezi. Mafundi kadhaa hunipinga kwamba kila tundu ni udhaifu. Ni kweli, lakini kingo zikipakwa epoksi vizuri udhaifu huo ni mdogo, na vifuniko vikifunguliwa boti ikiwa nchi kavu, hewa hupita katika ngama na taa ya mkononi huonyesha mhimili wote kutoka mwisho hadi mwisho.