Hujafa Hujaumbika: Usomaji wa Lugha ya Maisha Baada ya Jeraha la Uti wa Mgongo Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jinsi methali, istilahi na masimulizi ya umma yanavyozungumzia maisha ya mtu aliyeumia uti wa mgongo, jiji la Kampala likiwa mahali pa kurejelewa. Hoja yake ni kwamba lugha iliyopo ina maneno mengi ya ajali na ya muujiza, lakini ina machache mno ya miaka inayofuata. Upungufu huo, wakati huu ambapo Uganda inakipa Kiswahili nafasi mpya katika shughuli za umma, unagusa pia uhai wa watu.

Methali na mtendaji aliyefichwa

Mtu aliyekuwa mzima akipatwa na kilema, Waswahili husema: "Hujafa hujaumbika." Maelezo ya kawaida ya darasani huichukua methali hii kuwa onyo: usimcheke aliyeumia, kwa kuwa hujui litakalokufika kabla ya siku yako ya mwisho. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha swali la nani anasemeshwa. Nafsi ya pili katika methali ni ya msikilizaji mzima. Aliyeumia hayumo katika mazungumzo. Amekuwa mfano wa kuonyeshwa wengine ili washike adabu.

Sarufi ya methali yenyewe inaruhusu usomaji mwingine. Kiambishi "-ja-" hubeba jambo ambalo halijatimia lakini bado linatazamiwa, na kitenzi "umbika" kimo katika kauli ya kutendeka, inayoeleza hali bila kumtaja aliyeisababisha. Methali ikielekezwa kwa aliyeumia mwenyewe, inamwambia kwamba kuumbwa kwake hakujakoma. Usomaji huu unavutia, na kwa sababu hiyo hiyo unastahili kutiliwa shaka. Ukiachwa peke yake hugeuka faraja ya bure, ya aina ambayo wageni huiacha kando ya kitanda pamoja na machungwa. Swali gumu ni hili: ikiwa mtu huyu anaendelea kuumbika, ni nani anayeumba? Kauli ya kutendeka imemfuta.

Katika hospitali za umma za Kampala, ikiwemo Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, jibu linaonekana wodini. Sehemu kubwa ya kazi ya kumhudumia mgonjwa kitandani hufanywa na jamaa yake: mama, mke, dada, wakati mwingine mtoto aliyeachishwa masomo. Ndiye anayelisha, anayeosha, anayefua mashuka, na usiku hulala kwenye mkeka karibu na kitanda. Kwa mgonjwa wa malaria kazi hiyo ni ya siku chache. Kwa aliyeumia uti wa mgongo ni kazi yenye kanuni kali. Ngozi iliyopoteza hisia haimwambii mwenyewe kwamba inagandamizwa, kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kujisogeza hugeuzwa kila baada ya muda wa saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Kibofu kisichopokea amri ya ubongo hutolewa mkojo kwa mpira, mara nyingi kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mikono safi. Haja kubwa hupangiwa wakati. Na aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake huweza kupandwa na shinikizo la damu la kutisha kwa sababu ndogo tu, kama vile mpira wa mkojo uliojikunja. Asiyejua jambo hilo atatafuta dawa ya kichwa huku chanzo kikiwa chini ya shuka.

Historia ya tiba yenyewe ni historia ya kazi hii. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi wa waliojeruhiwa uti wa mgongo walikufa kwa vidonda na kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, hakuwa na dawa ya kuunganisha uti uliokatika, wala haijapatikana hadi leo. Alileta ratiba: kugeuza, kusafisha, kufanya mazoezi, kurudisha watu kwenye kazi na michezo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 500,000 huumia uti wa mgongo kila mwaka duniani, na kwamba uwezekano wao wa kufa mapema ni mara 2 hadi 5 ya ule wa watu wengine. Katika nchi maskini vifo hivyo bado hutokana kwa kiasi kikubwa na mambo yanayozuilika. Yanayozuilika na nani? Hapo tena yupo mtu wa kwenye mkeka, ambaye methali haikumtaja.

Mfupa, uti na matumaini yasiyo na mahali

Istilahi "uti wa mgongo" ina mzigo mzito. Kwenye hotuba za viongozi, kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi. Kwenye matangazo ya chanjo, "homa ya uti wa mgongo" ni ugonjwa wa kuambukiza usiohusiana na ajali. Na katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hayo hutaja mifupa ya pingili pamoja na kile kinachopita ndani yake, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalounganisha ubongo na mwili. Mifupa na fungu hilo vina tabia mbili tofauti kabisa. Mfupa uliovunjika huunga. Fungu la mishipa ya fahamu likikatika haliungi.

Jamaa anapoambiwa kwamba "mgongo umevunjika", basi, amepewa sentensi yenye matumaini ya mfupa. Atasubiri wiki 6, kisha miezi 3, kisha atamtafuta mganga wa kuunga mifupa au kumpeleka mgonjwa kwenye mkutano wa maombi, na si kwa ujinga. Amefuata mantiki ya neno alilopewa. Katika miezi hiyo ya kusubiri hakuna anayejifunza kutumia mpira wa mkojo, kwa kuwa hakuna anayejifunza jambo analoamini litakwisha. Kitenzi "kupooza" hakisaidii sana. Biashara nayo hupooza, na iliyopooza leo huchangamka kesho. Isitoshe, kitenzi humpoozesha mtu mzima mzima, hali akili yake, mikono yake na ulimi wake pengine vimebaki kama vilivyokuwa. Kiganda, ambacho ndicho kinachosikika zaidi kwenye korido za Kampala, kina "okusannyalala", chenye ufinyu unaofanana na huo. Tatizo si la Kiswahili peke yake, na haifai wanaistilahi wa Kiswahili walibebe kama aibu yao.

Mjadala wa istilahi za ulemavu katika Kiswahili umekwenda zaidi upande mwingine, yaani upande wa majina ya watu. Imesemwa mara nyingi kwamba kuwaweka kiwete, kipofu na kiziwi katika umbo la "ki-" ni kuwashusha hadhi ya utu. Hoja hiyo ina ukweli wa kihisia, lakini kisarufi ni dhaifu: kiongozi, kijana na kinyozi wanabeba "ki-" hiyo hiyo, na kiwete akifika husemwa "amefika", si "kimefika". Hata hivyo mabadiliko yalihitajika, na yamefanyika. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ni ya "Watu wenye Ulemavu". Kiganda nacho kimesogea kutoka "abalema" kwenda "abaliko obulemu". Lililopotea njiani ni wakati. "Mwenye ulemavu" ni hali tuli, kana kwamba mtu alikuwa hivyo tangu mwanzo. Dereva wa bodaboda aliyeamka wodini akiwa na miaka 25, ambaye jana alipanda mlima wa Mulago akiwa na abiria wawili nyuma, ana jana na ana kesho. Kitenzi cha zamani "kulemaa", pamoja na ukali wake wote, angalau kinaonyesha kwamba jambo lilitokea.

Barabara na anayebaki nyumbani

Masimulizi ya kisasa ya Afrika Mashariki hayajaitendea haki miaka hii ya baadaye. Filamu ya Donald Mugisha na James Tayler, Abaabi ba boda boda, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2015, ni kazi nzuri ya jiji la Kampala, na inaanza mahali panapofaa: baba mwendesha bodaboda anaumia, na riziki ya nyumba inaangukia mikononi mwa mwanawe wa miaka 15. Lakini jeraha la baba ni ufunguo wa kuwashia pikipiki ya mtoto. Hadithi inapoingia barabarani inakuwa ya mtoto, ya wezi na ya jiji. Hilo si kosa la watengenezaji, ambao walikuwa wakizungumza na filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 kuhusu baiskeli iliyoibwa. Ni dalili ya mahali tunapojua kusimulia na mahali tusipojua. Barabara ina msuko. Chumba cha aliyelala, kwa mazoea yetu, hakina.

Jaribio la ujasiri zaidi halikutoka Kampala bali Nairobi, wala halikuwa la kifasihi. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepigwa risasi na majambazi mwaka 2004 akapooza, alianza safari ya kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, umbali wa takriban kilomita 4,000, ili zichangwe shilingi milioni 250 za Kenya za kujenga hospitali ya kurekebisha afya za walioumia uti wa mgongo. Kwa juu juu hii ni hadithi ya shujaa wa tenzi, mtu na njia ndefu. Ila msuko umepinduliwa. Jina la kampeni lilimtaka mwananchi amrudishe Zack nyumbani, maana yake kila mchango ungemfupishia njia. Shujaa hakutakiwa kufika. Umma ndio uliotakiwa kumkomesha asiendelee kuteseka. Huu ni usanii wa hali ya juu, na ni usimulizi wa nadra unaomweka msikilizaji mzima mahali pa mtendaji. Udhaifu wake ni kwamba ulilazimika kumtoa mtu nyumbani ili aonekane. Mtu aliyeumia ambaye hatoki chumbani kwake Bwaise au Kawempe hana kilomita za kuhesabiwa.

Na huko chumbani ndiko kwenye mambo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai asiyeweza kuchuchumaa. Taksi ya abiria 14 haina pa kuweka kiti chake. Mitaa ya vilima vya Kampala humteremsha asikotaka na kumgomea anakotaka. Yapo pia mambo ambayo mhandisi hayaoni: katika adabu ya Kiganda mwanamke hupiga magoti kumsalimu mkubwa wake, na aliye kitini hubaki juu, macho yake yakilingana na ya baba mkwe au kuyapita. Wapo watakaomsamehe bila kufikiri. Yeye mwenyewe anasalimuje? Swali kama hilo lingeweza kubeba hadithi fupi nzima, na hakuna sababu lisibebwe kwa Kiswahili. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ulitungwa na mwanamke mgonjwa aliyekuwa akimfundisha bintiye adabu za nyumba. Chumba cha mgonjwa kiliwahi kuwa mahali pa utunzi mkubwa katika lugha hii.

Maneno yanayoandikwa sasa

Uganda haina uhaba wa sheria. Ibara ya 35 ya Katiba ya 1995 inatambua haki ya watu wenye ulemavu ya kuheshimiwa utu wao na kuipa Serikali pamoja na jamii wajibu wa kuchukua hatua. Bunge lina viti vya wawakilishi wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliridhiwa tarehe 25 Septemba 2008. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2006 ilifuatwa na nyingine mwaka 2020. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu marekebisho ya 2005, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 umekisukuma mbele zaidi. Kwa hiyo tafsiri zitahitajika, na wapo wanaozingoja: wakimbizi wa Kongo wanaoishi Kampala, ambao wengi huzungumza Kiswahili vizuri kuliko Kiganda au Kiingereza, pamoja na askari, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kazi na risasi ni moja ya njia za kuumia.

Hatari ni kwamba watafsiri wataanza na sheria, ambazo zina heshima, na kuacha karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, ambayo haina. Sheria ikitafsiriwa vibaya itarekebishwa na mahakama. Karatasi ikitafsiriwa vibaya, au isipotafsiriwa, atakayejua ni mtu wa kwenye mkeka, na atajua baada ya kidonda kufika kwenye mfupa.

Kwa karatasi hiyo Kiswahili hakihitaji kuazima chochote. Kitenzi "geuza" kinatosha, pamoja na minyambuliko yake. Wiki za kwanza mgonjwa anageuzwa. Anayegeuza ni mtu mwenye jina, na mwongozo unapaswa kumsemesha yeye kwa nafsi ya pili: mgeuze kutoka ubavu wa kushoto hadi wa kulia, tazama ngozi ya makalio na visigino, andika saa. Baadaye, kwa wale ambao mikono yao ina nguvu, kitenzi kinabadilika kuwa "jigeuze", kisha "jiinue" kutoka kitini kwa dakika moja au mbili kila baada ya nusu saa. Baina ya "mgeuze" na "jigeuze" kuna miezi ya mafunzo ambayo wodi iliyojaa haina nafasi ya kuyatoa, na ambayo kwa sasa hayana hata kichwa cha habari katika Kiswahili. Kichwa hicho kinaweza kuandikwa kabla ya bajeti kupatikana, na chini yake jedwali lenye safu mbili: saa, na jina la aliyegeuza.