Kidole cha Bibi

Bibi yangu anaishi Mitwero, Lindi. Amebangua korosho tangu usichana wake, na mafuta ya maganda yamemchoma vidole hadi ngozi ya ncha zake imekuwa ngumu, haina mistari. Mwaka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, mashine ilikubali kidole gumba cha kushoto tu, baada ya vingine vyote kukataliwa.

Kwa hiyo tulipomletea simu ya tachi tungepaswa kujua. Aligusa kioo; kimya. Akagusa tena, kimya. Mara ya tatu alikandamiza, na simu ikamuuliza kama anataka kuifuta programu.

"Mjukuu wangu," akasema, "kitu hiki hakinitambui."

Sijasikia uhakiki wa simu hizi ulio sahihi kuliko huo. Kioo hakijali nguvu ya kidole. Kinahisi badiliko dogo la umeme kidole kinapokigusa, na ngozi kavu yenye sugu hulipunguza. Halafu kuna muda: ukigusa na kuachia upesi, umesema "fungua", ukikawia, umesema jambo jingine kabisa. Mkono wa mzee hukawia. Simu haimwambii kwamba haikumwelewa, inatenda tu lile ambalo hakulisema.

Kitochi chake cha zamani kilikuwa na adabu. Kitufe kilibonyea, kidole kikajua. Namba 5 ilikuwa na kinundu, akaipata hata gizani. Hajui kusoma vizuri, lakini njia ya kutuma fedha aliikariri kama njia ya kisimani: nyota, 150, nyota, 00, reli.

Watengenezaji watasema dawa ipo, na ni kweli. Simu za Android zina mahali pa kukuza maandishi na pa kurefusha muda wa kugusa. Mwongozo wao unawataka wabunifu wasifanye vitufe vidogo kuliko milimita 9 hivi. Ila dawa hiyo imefungiwa kabatini, na ufunguo wake ni maandishi madogo yaleyale asiyoyaona. Programu ya fedha tuliyomwekea ilikuwa na vitufe vilivyobanana kama dagaa.

Matokeo yake, bibi alianza kutuma fedha kupitia kwetu. Namba ya siri, ambayo hata marehemu babu hakuijua, tukaijua watu watatu: mimi, binamu yangu na kijana wa jirani. Hakulalamika. Alitutajia kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni, kama mtu anayevuliwa nguo na daktari.

Juzi nilimkuta barazani, kitochi mkononi, kimefungwa kwa mpira kisiachane na betri. Laini ameirudisha humo. Ile simu yetu imelala kabatini, ndani ya boksi lake.

"Hiki tunaelewana," akasema, akabonyeza.

Namba ya siri ameibadilisha. Hakutuambia.