Kabla Fundi Hajaingiza Mkono: Usalama wa Jenereta katika Vituo vya Data vya Johannesburg

Jenereta ya kituo cha data hujiwasha yenyewe. Umeme wa gridi ukikatika, betri huzibeba seva kwa dakika chache, na baada ya sekunde kadhaa injini ya dizeli inazunguka mara 1,500 kwa dakika bila mtu kugusa kitufe. Kwa seva huo ni uhai. Kwa fundi aliyeinamia mkanda wa feni, inaweza kuwa mwisho wa vidole vyake.

Johannesburg iliionja hatari hiyo kuliko miji mingi. Mgao wa umeme wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2007, ulifikia kilele mwaka 2023. Penye umeme wa uhakika, jenereta ya akiba hufanya kazi saa chache kwa mwaka, nyingi zikiwa za majaribio. Katika daraja la 6 la ukali wa mgao iliweza kunguruma saa 6 kwa siku. Kama oili na chujio hubadilishwa kila baada ya saa 250, zamu ya matengenezo hufika ndani ya wiki 6. Mashine ni ile ile. Kilichoongezeka ni mara ambazo mkono wa mtu unaingia ndani yake. Ratiba ya mgao nayo haikumlinda fundi, kwa kuwa kebo au transfoma inaweza kuharibika saa yoyote.

Kinga ya kwanza huamuliwa kituo kingali kwenye michoro. Vituo vikubwa, kama vya kampuni ya Teraco huko Isando, mashariki ya jiji, hujengwa vikiwa na mitambo ya ziada. Ziada hiyo hutangazwa kama faida ya mteja, lakini fundi anaihitaji vilevile: jenereta yenye mbadala inaweza kuzimwa kabisa ikahudumiwa, isiyo na mbadala humlazimisha mtu kuharakisha.

Kuzima kwenyewe kuna mpangilio. Swichi ya kujiwasha huondolewa kwenye hali ya otomatiki. Chaja huzimwa, kisha waya hasi wa betri ya kuwashia hufunguliwa. Wengi huona kazi imekwisha hapo, na hilo ni kosa zito. Jenereta zikiwa zimeunganishwa pamoja, umeme wa zile zinazofanya kazi unaweza kurudi kwa nyuma na kuingia kwenye ile iliyosimama. Kwa hiyo swichi yake kuu hufunguliwa na kutiwa kufuli. Kila fundi huweka kufuli lake na jina lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mwenyewe. Kisha kitufe cha kuwasha hubonyezwa makusudi, ili ithibitike kwamba mashine haiitiki. Kipimo cha volti hujaribiwa kwenye umeme unaojulikana kuwa upo, kabla na baada ya kupima nyaya za jenereta, maana kipimo kibovu nacho husoma sifuri.

Tofauti na jenereta, betri za seva hazizimiki. Betri 40 za volti 12 zikiungwa mfululizo hutoa volti 480, na spana ikiangukia vichwa viwili huyeyuka kwa cheche. Hapo mnyororo wa betri hukatwa kwanza vipande vyenye volti ndogo, pete na saa huvuliwa, na spana huwa zenye mpini wa kuhami umeme.

Sheria ya Afrika Kusini ya Afya na Usalama Kazini, Na. 85 ya mwaka 1993, humbebesha mwajiri wajibu wa kuweka mazingira salama. Kanuni za Jumla za Mitambo za mwaka 1988 hudai sehemu zinazozunguka ziwekewe kinga, na hukataza nguo zinazopwaya karibu nazo. Penye kelele ya desibeli 85 au zaidi, vikinga masikio ni lazima. Jeraha linaloweza kumweka mfanyakazi nje ya kazi yake siku 14 huripotiwa kwa mkaguzi wa serikali.

Kurudisha mashine kazini hufuata njia ile ile kinyumenyume. Vifaa huhesabiwa, kinga ya mkanda hufungwa, kila mtu hufungua kufuli lake mwenyewe, na swichi ya kujiwasha hurudishwa mwisho, chumba kikiwa hakina mtu.